Hesabu Nyasi Kabla ya Kuhesabu Ng'ombe

Somo la kikundi: malisho, mifugo na udongo

Ndugu na dada wa vikundi, somo hili ni la kusomwa kwa sauti mkutanoni. Mwenyekiti au katibu asome sehemu moja, kisha anyamaze kidogo ili watu wazungumze. Si lazima mlimalize siku moja. Hesabu zilizomo zifanyeni kwa kalamu na karatasi, au kwa mawe chini ya mti. Yote ni sawa.

Tunalotaka kuelewa ni jambo moja. Mara nyingi kiangazi peke yake hakiui ng'ombe. Anayemuua ni hesabu ambayo haikufanywa wakati wa mvua: vinywa vilikuwa vingi kuliko chakula, na hakuna aliyejua mpaka Septemba. Tena ng'ombe hafi peke yake. Kabla hajafa amekwisha kula nyasi mpaka mizizi, na mvua ikija inachukua udongo. Ng'ombe mwingine unaweza kununua. Udongo hauuzwi sokoni.

1. Tulikotoka

Mifano mingi hapa ni ya Ukambani, yaani Machakos na Makueni, kwa sababu huko mambo haya yameonekana wazi kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1930 vilima vingi vya Machakos vilikuwa wazi, vimejaa makorongo mekundu. Serikali ya kikoloni ikasema kosa ni la ng'ombe wa Wakamba, ati ni wengi mno. Haikusema sana juu ya ardhi iliyokuwa imechukuliwa na kupewa walowezi, ambako zamani mifugo ilikuwa ikilishwa. Mwaka 1938 ikaanza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, na wengi walikusudiwa kwenda kiwanda cha nyama cha Athi River. Watu wakakataa. Zaidi ya elfu moja, wanaume, akina mama na watoto, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mpango wa kuuza kwa nguvu ukaachwa. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake.

Basi mzee akikasirika anaposikia "punguzeni ng'ombe", ana sababu yake. Somo hili halimwamuru mtu yeyote kupunguza. Linamwomba ahesabu mwenyewe, kisha aamue mwenyewe.

Na baadaye ikawaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Machakos ya wakati huo, ambayo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu kama 240,000. Mwaka 1989 walikuwa kama 1,400,000. Mtu angefikiri udongo wote umekwisha. Kumbe sivyo. Watafiti waliolinganisha hali ya 1930 na ya 1990, wakatoa kitabu chao mwaka 1994, waliona kwamba mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Watu walichimba matuta kilima baada ya kilima. Mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na wengi wa waliochimba walikuwa akina mama. Ng'ombe hawakufukuzwa. Walibadilishiwa namna ya kulishwa: pole pole nyasi zikaanza kukatwa na kuletwa bomani badala ya ng'ombe kuzifuata kila mahali.

2. Ng'ombe huharibu ardhi namna gani?

Nyasi ni kama paa la nyumba. Tone la mvua likianguka juu ya nyasi, linavunjika na maji yanaingia chini taratibu. Likianguka juu ya udongo mtupu, linaurusha na maji yanakimbia nao.

Ng'ombe huharibu paa hilo kwa njia tatu:

- Anakula jani kabla halijapona. Nyasi ikikatwa chini sana mara kwa mara, mizizi nayo inakuwa mifupi. Kiangazi kikija haiwezi kuteka maji, inakufa. Mahali pake panaota magugu na miiba ambayo ng'ombe hali.
- Anakanyaga. Kwato nyingi mahali pamoja zinagandamiza udongo mpaka unakuwa mgumu kama sakafu, na maji hayaingii.
- Anafuata njia ile ile kwenda mtoni. Makorongo mengi yalianza kama njia ya ng'ombe. Hebu nendeni mkaangalie korongo lililo karibu nanyi, mwulize mzee palikuwa na nini hapo zamani.

Lakini ng'ombe huyo huyo ndiye anayeleta mbolea, na bila mbolea mashamba mengi yetu yangekuwa yamechoka zamani. Kwa hiyo tusiulize kama ng'ombe ni mbaya au mzuri. Tuulize: je, nyasi zinapata nafasi ya kupumzika?

Ndugu zetu wafugaji wa nchi kavu, wanaohama na mifugo, wamejua hivyo tangu zamani. Kuhama kwenyewe ni kupumzisha malisho. Sisi tuliogawanya mashamba na kuweka ua hatuwezi kuhama tena. Basi ni lazima nyasi ndizo zihame, kutoka shambani hadi horini.

3. Kinywa kimoja kinataka nini?

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi mbichi ni nzito zaidi kwa sababu ya maji yaliyo ndani yake, kwa hiyo sisi tutahesabu kwa kikavu. Ng'ombe wa gredi wa maziwa ni mkubwa zaidi na anahitaji zaidi.

Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Oktoba ni kama siku 150. Kwa hiyo:

Kilo 6 mara siku 150 ni kilo 900 kwa ng'ombe mmoja.

Robota moja la nyasi kavu lililofungwa vizuri kwa sanduku ni kama kilo 20. Kilo 900 ni marobota 45. Hapo ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu wamezoea kuweka kalundo kadogo ka mabua juu ya mti na kusema, "Tumeweka akiba."

Ili kurahisisha hesabu, tutahesabu vinywa:

- Ng'ombe mkubwa: kinywa 1
- Ndama aliyeacha kunyonya: nusu kinywa
- Mbuzi au kondoo 6: kinywa 1

4. Mfano wa boma moja

Tuchukue boma lenye ng'ombe wakubwa 3, ndama 2 na mbuzi 6. Vinywa ni 3, na 1, na 1. Jumla 5.

Wanachohitaji: 5 mara kilo 900 ni kilo 4,500.

Walicho nacho mwezi wa Juni:

- Mabua ya mahindi, mizigo 80. Walipima mzigo mmoja kwa mizani ukawa kilo 15. Jumla kilo 1,200.
- Nyasi kavu, marobota 60 ya kilo 20. Jumla kilo 1,200.
- Malisho ya nje na majani ya vichaka. Wamekadiria kilo 900 kabla hayajaisha.

Jumla yote ni kilo 3,300. Pungufu ni kilo 1,200.

Boma hili lina njia tatu. Ya kwanza ni kunyamaza na kungoja. Chakula kitakwisha baada tu ya katikati ya Septemba, na siku arobaini zilizobaki mifugo yote 11 italala njaa. Ya pili ni kununua marobota 60 sasa, wakati bei bado iko chini. Ya tatu ni kuuza ng'ombe mmoja na ndama mmoja mwezi huu wa Juni. Vinywa vinabaki 3 na nusu, wanahitaji kilo 3,150, na kuna ziada ya kilo 150.

Hatusemi ni njia gani iliyo bora. Boma lenye pesa litanunua. Boma lenye karo ya kulipa pengine litauza. Ile ya kwanza tu ndiyo mbaya, na ndiyo wengi wetu huchagua bila kujua kwamba tumechagua.

5. Nyasi zitatoka wapi?

Ukingo wa fanya juu. Mnapochimba mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, na kutupa udongo upande wa juu, mnapata ukingo. Ukingo huo usiachwe mtupu. Pandeni nyasi juu yake. Mizizi inashika ukingo, na majani ni chakula. Mistari lazima ipimwe ifuate usawa wa kilima. Kama hamjui kupima, mwiteni afisa wa kilimo kabla ya kuchimba, si baada ya maji kuvunja. Na msilishe ng'ombe juu ya ukingo. Kateni mmpelekee.

Nepia kwa tumbukiza. Nepia hupenda mvua, na sehemu kavu ikipandwa ovyo hukauka upesi. Njia ya tumbukiza husaidia. Chimbeni shimo la mviringo, upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Wekeni udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la mbolea ya boma. Msilijaze kabisa, acheni kama sentimita 15 juu ili maji ya mvua yakae humo. Pandeni vipande 5 hadi 10 katika kila shimo. Baada ya miezi mitatu au minne mnaanza kukata, nyasi ikiwa kama mita moja, mkiacha kisiki kifupi ili iote tena. Chukueni mbegu kwenye nepia yenye afya tu. Ile yenye majani ya manjano na iliyodumaa ina ugonjwa ambao umesumbua sana magharibi mwa Kenya. Ing'oeni.

Kufungia malisho. Chagueni sehemu ya shamba, hata robo ekari, mzibe kwa miiba. Mvua yote ipite bila mnyama kuingia. Kama pamebaki udongo mtupu, kwaruzeni mistari kwa jembe au plau mkapande nyasi za kwetu zinazovumilia ukame: mbeetwa, ndata kivumbu, nguu. Kilo 2 za mbegu zinatosha ekari moja. Mbegu hizi ni ndogo, kwa hiyo zisifukiwe sana. Zichanganyeni na udongo mkavu ili zisipeperuke. Mbegu iliyovunwa jana haioti vizuri. Iwekeni mahali pakavu miezi kadhaa kwanza. Msimu wa kwanza acheni nyasi zitoe mbegu na kuziangusha, ndipo mkate.

Mabua. Ng'ombe akipewa bua zima hula majani na kukanyaga mengine. Likikatwakatwa kwa panga vipande vifupi na kuwekwa horini, anamaliza karibu lote. Kukatakata tu kunaokoa chakula bila kulima hata hatua moja zaidi.

Majani ya mikunde. Mabua ni ya kujaza tumbo, hayajengi mwili. Changanyeni na majani makavu ya kunde na mbaazi, au maganda yake baada ya kupura. Maganda ya mgunga yakiangusha, okoteni mweke kwa magunia. Mbuzi wanayapenda sana. Sehemu za baridi zenye mvua, pandeni kaliandra kwenye mipaka. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha dukani. Miti 500 inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima.

6. Kukausha na kuweka

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini nyasi mbichi huoza, na nyasi iliyozeeka ni kama kuni. Basi wakati ni muhimu.

- Kateni nyasi zinapoanza kutoa maua. Mkingoja mpaka zikauke zenyewe, nguvu imekwenda.
- Zianikeni siku mbili au tatu mkizigeuza. Zikivunjika mkononi lakini bado zina rangi ya kijani, ziko tayari.
- Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na chini wala kifuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Lazeni kamba za katani ndani kwanza, jazeni nyasi, mkanyage kwa miguu, mfunge, kisha mwinue sanduku. Sanduku moja linatosha kikundi kizima kwa zamu.
- Wekeni marobota juu ya miti, si chini, na paa juu yake. Mchwa na maji ya mvua ni wezi wawili.

7. Tahadhari

Mahindi yaliyoota ukungu msimpe ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo ng'ombe akiila hupita mpaka kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Ati "hayafai kwa watu, tumpe ng'ombe": hapo mnayarudisha kwa watoto kwa njia nyingine.

Machipukizi ya mtama, hasa yale yanayoota baada ya kuvuna au yaliyonyauka kwa jua, yana sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Subirini mtama ukue, au mkate mkaushe vizuri kwanza.

Na maji. Ng'ombe wa kienyeji anahitaji kama lita 25 kwa siku, na zaidi akila chakula kikavu. Asiyekunywa hali, hata hori likiwa limejaa.

8. Kuuza mapema si kushindwa

Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo sehemu nyingi za nchi kavu. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, wengi kaunti za kaskazini na kaskazini mashariki. Waliokuwa na mnyama wa kuuza mwishoni walikuta kila mtu anauza, na wanunuzi hakuna.

Ng'ombe anayeuzwa Juni akiwa na nyama hununua nyasi za wenzake. Anayeuzwa Oktoba akiwa mifupa pengine hawezi kulipa hata gari la kumpeleka sokoni. Kwanza wauzwe maksai wazee, madume ya ziada na ng'ombe aliyekaa miaka miwili bila kuzaa. Wabakizwe ng'ombe wa maziwa na mitamba mizuri.

Tunajua ng'ombe si pesa tu. Ni mahari, ni heshima, ni jembe la kulimia. Lakini ng'ombe watatu walioshiba hulima, huzaa na hukamuliwa, na kumi wenye njaa hawafanyi hata moja kati ya hayo. Tena kuna jambo lingine. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo ni moja ya gesi zinazoongeza joto duniani. Aliyelishwa vizuri hutoa gesi kidogo zaidi kwa kila lita ya maziwa kuliko yule anayekula mabua matupu na kutoa kikombe kimoja.

9. Mbolea irudi

Nyasi mliyoikata imeondoka na chakula cha udongo. Msiporudisha mbolea, nepia itapungua kila mwaka. Kusanyeni samadi pamoja na mabaki ya hori, mlundike kivulini na kufunika kwa majani. Ikiachwa juani na kunyeshewa, nguvu yake inakwenda hewani na mtoni. Anzeni kurudisha kwenye mashimo ya tumbukiza na ukingo wa fanya juu, ndipo shamba la mahindi.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika kijiji chetu, ni sehemu gani iliyokuwa na nyasi wakati wa baba zetu na leo haina? Ni nini kilichotokea hapo?
2. Nyasi zikikatwa na kuletwa bomani, ni nani anayezikata na kuzibeba? Pesa za maziwa na za ng'ombe aliyeuzwa hushikwa na nani? Je, mpango huo ni wa haki?
3. Jirani asiye na ua akileta ng'ombe wake katika malisho tuliyofungia, tutafanya nini? Tukubaliane sasa, kabla hajaja.
4. Ni nani kati yetu anayeweza kuuza Juni, na ni nani hawezi? Kikundi kinaweza kumsaidiaje huyo wa pili?

Kazi kabla ya mkutano ujao

Kila mtu ahesabu vinywa vya boma lake, avizidishe kwa 900, kisha apime na kuhesabu chakula alicho nacho. Alete namba tatu tu: anachohitaji, alicho nacho, na pungufu. Asiyejua kuandika aje na mawe au mbegu za maharagwe, moja kwa kila kilo 100. Katibu aziandike zote kwa daftari moja. Kikundi kikijua pungufu la wote pamoja, ndipo mtaweza kununua nyasi kwa gari moja, kutengeneza sanduku moja na kupanga zamu za mwethya. Fanyeni hivyo mwezi wa Mei, mvua ikiwa bado inanyesha.